Waya Uliofichwa Ukutani: Nani Ajuaye Ulipopita?

Katika nyumba ya mama yangu mzazi, iliyoko kwenye mteremko wa milima ya Upareni juu ya Makanya, wilayani Same, kulikuwa na amri moja ambayo wajukuu waliizoea hata wakaiona ya kawaida: asiyevaa kandambili haruhusiwi kufungua bomba la jikoni. Nilipofika likizo na kuuliza sababu, mama alinijibu kwa utulivu, "Mwanangu, bomba lile hutekenya wakati wa mvua. Kiangazi huwa limepoa." Fundi mmoja alikwisha kuitwa mwezi wa Agosti, akapima kwa bisibisi yake yenye taa, asione kitu, akasema kuwa nyumba ni nzima. Basi familia nzima ikaamua kuishi na kasoro ile kama watu waishivyo na mlango unaolia.

Ndugu msomaji, simulizi hii naileta mbele yako si kwa kumlaumu fundi yule wala yule aliyeweka nyaya. Lawama kubwa ni yangu mimi. Nyumba ile ilikamilishwa nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari wa falsafa katika fizikia, na ni mimi niliyeandika barua kuagiza kwamba nyaya zote zifichwe ndani ya kuta, kama nilivyoziona katika nyumba za huko. Niliona waya unaopita juu ya lipu kuwa ni alama ya umaskini. Sikuagiza ichorwe ramani ya kuonyesha nyaya zilipopita, wala sikuuliza kama huko nilikokuwa watu hufuata kanuni gani kabla ya kuuficha waya. Niliiga sura ya jambo nikaliacha jambo lenyewe.

Maoni yangu katika makala haya ni haya: nyumba isiyo na ramani ya nyaya zake haistahili kufichiwa nyaya, na jiko ndipo mahali pa mwisho pa kufanya mchezo huo. Nitaeleza sababu, kisha nitapendekeza kazi ambayo walimu na wanafunzi wa sekondari wanaweza kuianza bila kungoja fedha za mtu.

Tulichokikuta ukutani

Nilirudi wakati wa vuli nikiwa na mega, yaani chombo kinachosukuma volti 500 za mkondo mnyoofu ndani ya waya uliokwisha kutenganishwa na umeme, ili kupima kama ngozi yake ya plastiki bado inazuia. Tulizima swichi kuu, tukachomoa plagi zote, tukatenganisha njia ya jikoni na njia nyingine. Kihami kizima hupaswa kuonyesha ukinzani usiopungua omu milioni 1. Kati ya waya wa moto na bomba lile, chombo kilionyesha omu 40,000 tu.

Chanzo kilipatikana baada ya kukisia sana. Mtu mmoja wa nyumbani alipigilia msumari wa kutundikia rafu ya sufuria. Msumari ule ulikwaruza waya uliokuwa umepitishwa mshazari, kutoka kwenye swichi moja kwa moja hadi kwenye soketi, kwa nia ya kuokoa mita moja ya waya. Kiangazi ukuta ulikuwa mkavu, na lipu kavu hupitisha umeme kwa shida. Mvua zilipoanza, ukuta ulinywa maji, na mkondo ukapata njia kupitia lipu hadi kwenye kipande cha bomba la chuma kilichozikwa humo humo. Kipande kile kilikuwa kimeunganishwa na mpira wa plastiki utokao kwenye tangi, hivyo hakikuwa na njia ya kwenda ardhini. Kiliukaa umeme kikisubiri mkono wa mtu aliyesimama juu ya sakafu yenye maji. Ndiyo maana fundi wa Agosti hakuona kitu. Alipima wakati ugonjwa umelala.

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Gawanya kwa omu 40,000, utapata karibu miliampea 6. Mtu huanza kuhisi umeme kwenye kiasi cha miliampea 1. Ukifika miliampea 10 hivi, misuli ya mkono hukaza, na aliyeshika kitu hawezi tena kukiachia. Ukizidi miliampea 30 ukaendelea kupita kifuani, uhai wenyewe umo hatarini, kwa kuwa moyo unaweza kupoteza mapigo yake ya mpango ukawa unatetemeka tu. Sasa fikiri: lau mvua zingeendelea, na ukinzani wa ukuta ukashuka hadi omu 10,000, mkondo ungekuwa miliampea 23. Na bomba si kitu kinachoguswa kwa ncha ya kidole. Bomba hushikwa kwa kiganja kizima. Kati ya mtekenyo uliokuwa ukichekwa na mtoto aliyeng'ang'aniwa na bomba palikuwa na wiki moja au mbili za mvua tu.

Fyuzi haikuwekwa kwa ajili yako

Kosa ambalo nimelisikia mara nyingi, hata katika vyumba vya walimu, ni kudhani kwamba fyuzi humlinda mtu. Fyuzi huulinda waya usiungue. Ile iliyolinda soketi za jikoni mwa mama ilikuwa ya kukatika mkondo unapozidi ampea 32. Mkondo wa kumuua mtu ni kama sehemu moja ya elfu ya hiyo. Mtu anaweza kupoteza uhai na fyuzi isijue kwamba limetokea jambo.

Wapo watakaosema kuwa kazi hiyo ni ya waya wa ardhi. Ni kweli kwa sehemu, lakini hapa jiografia ya wilaya ya Same inatufundisha jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi na mvua hawalitilii mkazo. Nyumba zetu nyingi hutegemea fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Fimbo hiyo hufanya kazi vyema katika udongo wenye unyevu. Juu milimani, chini ya misitu ya Shengena, udongo huwa na majimaji sehemu kubwa ya mwaka. Lakini huku chini tambarare, kivulini mwa milima mvua inakokosa, udongo hukauka hadi ukapasuka. Tuseme fimbo ina ukinzani wa omu 100, jambo ambalo si la ajabu katika ardhi kavu. Waya wa moto ukigusa chuma cha jokofu kilichounganishwa na fimbo hiyo, mkondo utakaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 100, yaani ampea 2.3 tu. Fyuzi ya ampea 32 itatulia kimya, na jokofu litabaki na umeme mchana na usiku. Mwenye nyumba atashangaa tu kwamba fedha za LUKU zinaisha upesi, maana ampea 2.3 kwa volti 230 ni wati zaidi ya 500 zinazopashia udongo joto.

Kwa hiyo milimani adui ni ukuta uliolowa, na tambarare adui ni udongo uliokauka. Wilaya ni moja, mafundi ni wale wale, na nyaya huwekwa kwa mtindo mmoja. Lakini hatari ni mbili zisizofanana.

Chombo kinachoweza kutusaidia pande zote mbili kipo, na madukani huombwa kwa herufi RCD. Ndani yake waya wa moto na waya wa kurudishia hupita pamoja katika pete ya chuma. Mkondo uendao ukiwa sawa na ule urudio, hizo mbili hufutana na pete hutulia. Ukipungua urudio, maana yake kuna mkondo uliopotelea ukutani au mwilini mwa mtu, na tofauti hiyo huamsha usumaku katika pete, ambao huuvuta mtambo ukakata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kile cha majumbani hupangwa kukata tofauti ifikapo miliampea 30. Hakihitaji ardhi yenye maji mengi: hata fimbo ya omu 1,000 hupitisha miliampea za kutosha kukiamsha.

Tusidhani kuwa hiki ni chombo cha anasa cha Ulaya. Bara letu lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kukitumia majumbani. Mhandisi Henri Rubin alivitengeneza vyombo vya namna hii Afrika ya Kusini kwa ajili ya migodi ya dhahabu, na katika miaka ya 1957 na 1958 nyumba mia kadhaa za kijiji cha wachimba madini cha Stilfontein zikawekewa, baada ya kutokea ajali za umeme majumbani humo.

Hata hivyo sipendi msomaji adanganyike. Ule mvujo wa miliampea 6 jikoni mwa mama usingekiamsha chombo hiki. Kingeamka tu hali ilipozidi kuharibika. RCD huokoa uhai, lakini haitafuti waya mbovu wala haimwambii mtu ulipo. Na hapo ndipo tunaporudi kwenye ukuta.

Fundisho la ndiva

Mababu wa Upareni walikuwa na elimu yao ya kuongoza kitu kinachotiririka. Ndiva, kama ile ya Manoo katika bonde la Makanya, hukusanya maji ya kijito usiku, na asubuhi hufunguliwa ili maji yafuate mfereji hadi mashambani kwa zamu. Mfereji ukivuja, wenye zamu hutembea kando yake tangu juu hadi chini, nao huona pale palipolowa. Ukihitaji kusafishwa, watu huitwa msaragambo, na kila mmoja anajua mfereji unapita wapi, kwa sababu amepata kushika jembe juu yake. Hapakuwa na mzee aliyefikiri kuufukia mfereji ili shamba lipendeze.

Sisi wasomi tumeleta kitu kinachotiririka ambacho hakionekani, hakisikiki wala hakinuki, kisha tukakifukia bila alama. Je, ni nani mwenye kufikiri kisayansi zaidi hapo?

Katika kanuni za Kiingereza, ambazo kwa kiasi kikubwa ndizo zilizozaa desturi zetu za umeme, waya uliofichwa bila kinga ya chuma chini ya milimita 50 kutoka usoni mwa ukuta hauruhusiwi kupita popote upendapo. Hupita wima au ulalo, sawasawa na swichi au soketi inayouhudumia, au hupita ndani ya milimita 150 kutoka ncha ya juu ya ukuta au kona ya kuta mbili. Hivyo mtu akiona soketi hujua kwamba juu yake, chini yake na kando yake si mahali pa msumari. Soketi yenyewe ndiyo alama. Sharti hilo ndilo linaloufanya waya uliofichwa uwe, kwa namna fulani, waya unaoonekana. Kuficha bila sharti hilo ni kutega mtego katika nyumba yako mwenyewe.

Najua nitapingwa. Wengine watasema kwamba waya wa nje huliwa na panya, huchezewa na watoto na hushika masizi. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni bomba la plastiki gumu lililofungwa juu ya ukuta kwa vishikizo, si waya mtupu. Panya hafiki, mtoto hafiki, na fundi akija huuona mfereji wote tangu ndiva hadi shambani. Wengine watasema kuwa haupendezi. Ni kweli, haupendezi. Lakini jiko letu tunalipima kwa macho ya mgeni, ilhali anayeshinda humo ni mama na watoto.

Jambo hili limekuwa la haraka kuliko zamani. Kwa miaka mingi watu wa Upareni waliona nguzo kubwa zilizotoka Hale, ambako mtambo wa megawati 21 ulianza kazi mwaka 1964, zikipita chini ya milima yao kuelekea Moshi, na huko magharibi wakaliona bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo yake ya megawati 8. Lakini vijijini kwao taa zilikuwa za mafuta. Wakala wa Nishati Vijijini, uliowekwa na sheria ya mwaka 2005, umebadili hali hiyo. Na mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwaka 2034. Maana yake ni kwamba nyaya zilizowekwa kwa ajili ya balbu na redio sasa zinatwikwa birika na sufuria za umeme.

Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 8.7. Ikiwa ndani ya ukuta yumo fundi aliyeunga nyaya mbili kwa kuzisokota na kuzizungushia utepe mweusi, na kiungo hicho kina ukinzani wa nusu omu tu, joto litakalozalishwa hapo ni mraba wa 8.7 zidisha kwa 0.5, yaani karibu wati 38. Hilo ni joto la chuma cha kulehemu redio, na limefungiwa ndani ya ukuta karibu na mbao za dari. RCD hailioni joto hilo, kwa kuwa hakuna mkondo uliopotea. Fyuzi hailioni pia, kwa kuwa mkondo haukuzidi. Ni jicho la mtu pekee lingeliona, nalo tumeliziba kwa lipu.

Kazi iliyo mbele yetu

Fizikia ya sekondari hufundisha kanuni ya Ohm na uwekaji wa umeme majumbani. Lakini tunafundisha kwa Kiingereza na kwa mchoro wa nyumba isiyo ya mtu yeyote. Mwanafunzi hupata alama nzuri, kisha hurudi nyumbani akavaa kandambili kabla ya kufungua bomba. Napendekeza kila mwanafunzi achore ramani ya nyaya za nyumba anayoishi: mita, swichi kuu, kila swichi na kila soketi, na vipimo vya mahali pake. Palipofichwa na pasipojulikana apake rangi nyekundu. Asifungue kifuniko chochote wala asiguse waya. Kazi yake ni kuuliza, kupima kwa utepe na kuandika. Darasa likizitandaza ramani hizo mezani, wekundu utakaoonekana utafundisha kuliko hotuba.

Walio na RCD wabonyeze kitufe chake cha majaribio kila mwezi, waone kama inakata. Wasio nayo wawaambie wazazi waulize bei yake kabla ya kununua marumaru. Anayejenga sasa apige picha kila ukuta kabla ya lipu, utepe wa kupimia ukiwa umewekwa ukutani, na picha hizo zitunzwe pamoja na hati za kiwanja. Mwenye kuta za matofali mabichi, au asiye na ramani, aziache nyaya nje ndani ya bomba. Fundi aulizwe leseni yake ya EWURA bila kuoneana haya, naye aje na mega, wala si bisibisi yenye taa peke yake. Na nyumba za milimani zipimwe wakati wa mvua. Na bomba, kuta au jokofu likitekenya, hata kidogo, swichi kuu izimwe na ibaki imezimwa hadi sababu ijulikane. Mtekenyo ni taarifa. Haukuja kuzoewa.

Jikoni mwa mama hatukuchimbua ukuta. Fundi mwenye leseni aliutenganisha waya ule mbovu ncha zote mbili, akauandika kuwa umekufa, kisha akapitisha mpya juu ya lipu ndani ya bomba jeupe, wima kisha ulalo, akaweka na RCD penye swichi kuu. Mimi nilisikitika kuuona ukuta niliougharamia ukiwa na bomba usoni. Mama alilitazama kwa muda, akasema, "Sasa naujua ulipo." Kisha akamwita mjukuu aje aoshe vyombo, na mtoto akaenda pekupeku.